Manati ya Kumfundisha Golikipa

Miaka ya hamsini nilikuwa golikipa wa timu yetu ya Mabawa, na sikuwa mbaya. Ndiyo maana wanafunzi wa shule ya ufundi walipounda mashine ya kuwazoesha makipa kudaka, walinifuata mimi niijaribu. Mashine yenyewe ilikuwa manati tu, ila kubwa kama fremu ya mlango: nguzo mbili, tyubu ya lori katikati, na wanafunzi wanne wa kuivuta.

Mwalimu wao alinikaribisha kwa heshima zote, nikasimama golini. Mpira wa kwanza sikuuona. Niliusikia mdomoni, na nilipojizoazoa jino langu la mbele lilikuwa mchangani.

Mwanafunzi mwenye daftari akanijia mbio.

“Shikamoo, kaka. Habari za mashine?”

Nikaitikia marahaba. Sasa, mimi nimelelewa. Kwetu hata aliyeunguliwa na nyumba akiulizwa habari husema nzuri kwanza, kisha ndipo huja ile “ila” yenye mambo yote. Nikasema, “Nzuri.” Nikageuka kutema damu ili niendelee. Nilipoinua uso, kijana alikuwa ameshaandika na kufunga daftari, na mwalimu anampa mkono wa hongera.

Baada ya mwezi wakaniita tena. Safari hii walifunga tyubu mbili, maana majaribio ya kwanza yalikwenda vizuri. Mwalimu akanipokea uwanjani, akaniuliza habari za jino.

“Nzuri,” nikasema, nikaenda kusimama golini.