Kilio cha Chumba cha Vitu vya Zamani

Msimamizi wa majengo ya mji alipoingia na futi yake kupima chumba chetu, sikumpa kiti. Hapa Kasongo hata mdai hupewa kiti kabla ya kutukanwa, kwa hiyo alielewa mara moja kwamba mwenye nyumba amekasirika. Alipima ukuta wa dirishani, akapima ukuta wa mlangoni, kisha akanieleza kwa ile sauti ya upole ya watu waliokwisha kuamua: mvua zinakaribia, simenti ya ujenzi wa soko haina mahali pa kulala, na chumba hiki kikavu hakitumiwi na mtu. Jumatatu lori lingeleta mifuko. Vitu vyangu vya zamani, pamoja na ramani za ukutani, vingehamia kwenye banda la nyuma.

Nililijua banda hilo. Mchwa walikuwa wamekwisha kula milango yake, na ramani ni karatasi. Nilihesabu moyoni kwamba msimu mmoja tu ungetosha kuzimaliza zote. Nikamwambia hivyo, na sikumwambia kwa adabu. Mama yangu alinikanya tangu utotoni kwamba hasira ni hasara, na mimi nimeendelea kuipata hasara hiyo mpaka nimeota mvi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliposema chumba hakitumiwi na mtu, alisema kweli. Tangu nilipostaafu kufundisha historia na jiografia, na mji ukaniazima chumba hicho, nilikuwa nakifungua kila Jumamosi, nafagia, napanguza, nakaa mlangoni na kusubiri wa kuja kutazama. Wapita njia walinisalimia wakiwa barabarani. Wengine walidhani nauza.

Na vitu vyenyewe havikuanguka kutoka mbinguni. Nilikuwa nimevibembeleza nyumba kwa nyumba. Familia moja ya Waislamu wa mjini ilinipa birika la shaba la kupikia kahawa na kipande cha mlango wa kuchonga kilichookotwa Tongoni, pale mji ulipokuwa kabla ya kuhamishwa. Wavuvi wa Nyangwe walinipa vizito vya udongo vya nyavu za zamani. Nilikuwa na kofia ya mzee mmoja wa Kilega, iliyoshonewa simbi za kauri, msalaba wa shaba wa enzi ambazo shaba ndiyo ilikuwa pesa, na mnyororo wa shingoni wa enzi za utumwa, ambao niliufunika kwa kitambaa ndani ya sanduku, kwa sababu katika mji huu wako wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga, na sikutaka ugomvi. Ukutani zilining'inia ramani. Kubwa kuliko zote ilibandikwa kwenye turubai tangu wakati wa ukoloni, nayo ilionyesha nchi yote kutoka Mto Lualaba hadi Kabambare na ng'ambo yake, na majina ya vijiji kwa herufi ndogo nyeusi. Ilichorwa kabla ya watu kuamriwa kutoka msituni na kujenga kando ya barabara. Vijiji vilikuwa bado vimetawanyika humo kila mahali, kama mbegu alizorusha mkulima kwa mkono.

Kwenye kona ilikaa ngoma. Si hii ya ngozi. Ni gogo moja lililotobolewa ndani, lenye mdomo mwembamba juu, na hupigwa kwa vijiti viwili vilivyofungwa mpira kwenye ncha. Familia iliyonipa, huko njia ya Kabambare, ilinipa kwa sharti moja: isipigwe kwa mchezo, kwani ngoma ile haichezewi, inasema. Ndiyo maana vijiti nilivitundika juu kabisa.

Msimamizi alikuwa mrefu.

Alikuwa amemaliza kupima na sasa alizunguka akitazama, nadhani kwa kunionea huruma. Alivishusha vijiti, akanisimulia kwamba alipokuwa mtoto alipelekwa kila likizo kijijini kwa babu yake, na ngoma kama hii ilikuwepo, na mpaka leo mikono yake inakumbuka mapigo. Nilifungua mdomo kumkataza. Akapiga. Mapigo mazito, ya polepole, halafu kimya, halafu mapigo yaleyale tena. Alipiga vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alifumba macho, akatabasamu, akarudia mara kadhaa, na madirisha yote yalikuwa wazi.

Mtoto anayekwenda kijijini kwa likizo tu, ni mapigo gani atakayoyasikia mara nyingi mpaka yamkae mikononi? Ndoa hungoja mavuno. Watu hufa wakati wowote. Mtu yule alikuwa amejifunza mapigo ya msiba tangu utotoni bila mtu yeyote kumwambia yanasema nini, na sasa aliutangazia mji mzima, Jumamosi mchana kweupe, kwamba mtu mkubwa amefariki na watu waje.

Nilikaa chini. Mimi nilijua maana yake kwa sababu bibi yangu alinifundisha, lakini nilijidanganya kwamba mjini hakuna tena anayejua.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Alikuja mbio, kitenge kakifunga kiunoni, kilemba amekifungua, na machozi tayari yanatiririka. Lazima niseme hapa, kwa wasiotufahamu, kwamba kwetu mtu haulizi mlangoni ni nani aliyekufa. Unalia kwanza, kuuliza kunakuja baadaye. Anayeuliza kabla ya kulia ni kama anachagua maiti wa kumlilia. Basi jirani akalia. Nyuma yake wakaja wanawake watatu au wanne kutoka sokoni, wakapokea kilio. Wazee waliosikia ngoma waliinuka, na vijana ambao hawakuelewa chochote waliinuka kwa sababu wazee wameinuka. Pikipiki zilisimama. Mtu alileta kikapu cha unga wa muhogo, mwingine kuku amemshika miguu. Mama mmoja mkulima, mkubwa wa umri na wa umbo, aliyekuwa akipeleka kuni sokoni, aligeuza njia na kuutua mzigo wake wote mbele ya mlango wangu.

Na msimamizi? Msimamizi alikuwa ametoka nje kuona kelele ni za nini. Alipoona watu wanaangua kilio, akavua kofia yake, akarudi ndani akiwa ameinamisha kichwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunipa pole. Aliniomba msamaha kwa kunisumbua na mambo ya simenti siku kama hiyo. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, akauliza.

"Mama mwalimu, ni nani alikufa?"

Wanawake wakapunguza kulia, maana nao sasa ulikuwa wakati wao wa kujua. Ningeweza kusema ukweli wa kawaida, kwamba ni makosa, watu wasamehe, warudi makwao. Lakini yule bwana alikuwa amekwisha kuichukua tena futi yake mkononi.

"Ni hii nyumba, shefu," nikamwambia. "Na ni wewe mwenyewe ulitangaza."

Nikawaeleza wote: vitu hivi ni vya nani, vilitoka nyumba zipi, simenti itakuja lini, banda lina nini. Nilianza kwa hasira, na katikati hasira ikaniishia, nikalia kweli. Sikulia kwa mchezo. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza mlangoni kwangu palikuwa pamejaa watu, na walikuwa wamekuja kwa bahati mbaya.

Wengine waliguna. Kijana mmoja wa pikipiki alisema amepoteza abiria kwa ajili ya ngoma ya bure, na mzee mmoja akataka kujua nani atamrudishia kuku wake heshima yake. Nilidhani wataondoka. Ndipo yule mama wa kuni akaketi juu ya mzigo wake.

"Miye sikubeba hizi kuni nirudi nazo," alisema. "Ngoma ililia, tulilia. Kilio ni kilio. Muwashe moto."

Hakuwa akitetea historia, wala ramani, wala mimi. Alikuwa amechoka na hakutaka kubebeshwa tena mzigo. Lakini moto ukawashwa, na moto ukishawashwa kwenye kilio hakuna anayekuwa wa kwanza kuondoka. Wakamkosea heshima kuku yule kwa mara ya mwisho, wakasonga ugali, na kwa kuwa waliofika kwenye kilio huingia ndani kumtazama marehemu, wakaanza kuingia wachache wachache.

Mwanzoni waliingia kwa kunyamaza, mikono nyuma, kama wanaoingia kwa maiti. Kisha nikasikia kicheko. Mzee mmoja ameona vizito vya nyavu na anamwonyesha mwenzake jinsi babu yake alivyovifunga. Mwenye duka wa Kiislamu alilishika birika akasema nyumbani kwao lipo la namna hiyo, wanawekea misumari. Mtu akafungua sanduku kabla sijamzuia, akautoa mnyororo. Yule mwenye duka aliushika upande mmoja, na mzee mkulima Mkristo aliyesimama karibu naye akaushika upande wa pili, kwa sababu ulikuwa ukiburuta chini. Waliuinua, wakaupima uzito. Nilisogea, tayari kuwatenganisha.

"Iko nzito," alisema mkulima.

"Nzito sana," akajibu mwenye duka. Wakaurudisha pamoja, taratibu, wala hawakuufunika tena. Niliona haya kwamba nilikuwa nimewaogopa.

Lakini wengi walisimama mbele ya ramani kubwa. Walikuwemo watu waliokimbia vita upande wa Kabambare na Salamabila, ambao wanaishi mjini kwa ndugu zao au kwa kupanga. Mwanamke mmoja kati yao, mwenye mtoto mgongoni, aliniomba nimsomee majina ya upande wa kule. Nikasoma nikifuata mto mmoja mdogo kwa kidole. Nilipofikia jina fulani alinishika mkono ili nisiendelee. Hapo ndipo alipozaliwa bibi yake, na hapo ndipo yeye alipokuwa akilima mpaka walipofukuzwa. Nyumba zilichomwa. Alikuwa amewaeleza watu wengi hapa mjini kuhusu kijiji chake, akasema, na aliona machoni mwao kwamba wanadhani ni porini tu. Akaweka kidole kwenye lile jina akamwita mtoto wake mkubwa, aliyekuwa nje akila, aje aone kwao. Nilijifanya napanguza birika.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kusomewa. Sauti yangu ilikauka kwa kusoma, mimi ambaye kwa Jumamosi nyingi sikuwa na wa kuongea naye. Msimamizi naye alikuwa bado yupo, kwa sababu hakuna aliyemruhusu kuondoka. Mtu aliyetangaza msiba hauachi. Zamu yake ilipofika alitaja kijiji cha babu yake kwa aibu kidogo. Kilikuwepo, ndani kabisa ya msitu, mbali na barabara anayoifahamu yeye. Alisogea karibu sana na ukuta, akatazama mpaka watu wa nyuma wakalalamika.

Alipogeuka alikumbuka kazi yake, maana ni mtu wa kazi. Aliwaambia wazee kwa heshima kwamba amesikia kilio, amelia nao, lakini lori linakuja Jumatatu na yeye ana wakubwa wake. Wakamtazama kama mtoto mdogo. Kila mtu anajua kwamba katika nyumba ya kilio hakihamishwi hata kijiko mpaka matanga yatolewe, yaani mpaka ndugu wakae, waseme, wafagie, na kila mmoja arudi kwake. Yeye mwenyewe alijua. Akauliza basi matanga yatatolewa lini, aende akaeleze ofisini.

Wazee walitazamana. Nadhani baadhi yao walikuwa tayari kumpa siku, kwa kuwa ni kijana wao na amenyenyekea. Ni yule mama wa kuni aliyejibu, akiwa pale pale alipoketi, bila hata kugeuza kichwa kutoka kwenye sufuria.

"Maiti haijazikwa. Matanga mutaitoa namna gani?"

Watu walicheka, naye akauliza kwa ukali wanacheka nini. Wazee wakalipima neno lile, wakaona halina kasoro: pasipo maziko hakuna kutoa matanga, na pasipo kutoa matanga hakuna kuhamisha. Msimamizi alikunja futi yake akaitia mfukoni.

Jumatatu lori lilikuja kweli. Lilikuta wanaume wameketi barazani kwangu kwenye mikeka, wanakunywa chai, na dereva, aliye mtu wa Kibangubangu na aliyelelewa vizuri, alizima injini na kushuka kutoa pole kabla ya kuambiwa chochote. Simenti ikapelekwa kwenye bohari la mfanyabiashara mmoja, ambalo lilikuwepo siku zote na ambalo halikuwa limeombwa.

Tangu hapo watu hawajaacha kuja, kwa sababu kilio ambacho hakijafungwa kila mmoja ana haki ya kukifikia. Wanakuja Jumamosi na kitu mkononi. Mara ni karanga, mara ni picha ya baba yake akiwa na baiskeli mpya, mara ni jembe la zamani. Waliokimbia wanaleta watoto waonyeshwe kwao. Ofisi haijatoa karatasi yoyote ya kutuhakikishia chumba, na sijidanganyi kwamba hawatakitaka tena.

Msimamizi hupita mwenyewe, kofia mkononi, na siku hizi kiti chake kiko tayari. Jumamosi iliyopita alisimama kwanza mlangoni, akawatazama watu waliobanana mbele ya ramani, akaniuliza kwa sauti ya msibani kabisa.

"Marehemu anaendelea namna gani?"

"Ameamka vizuri," nikamwambia. "Sogea kidogo, kuna mutu nyuma yako anataka kuingia."