Shemeji Aliyekatazwa Kusema

Orest Hnatiuk alifundisha fizikia mjini Windsor, Kanada, na jioni aliuhudumia mfumo huria wa kompyuta, uliotengenezwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure. Sehemu yake ilikuwa usimbaji, ile hesabu inayofunga barua ili asizisome asiyehusika. Bingwa hasa alikuwa Wendell, kaka wa mkewe Lorna, aliyekaa Detroit, Marekani, ng'ambo ya daraja tu. Lakini mwaka ule wa 1995 sheria ya Marekani iliihesabu kazi hiyo kuwa silaha. Upuuzi mtupu, ila Mmarekani aliyemsaidia mgeni bila kibali angeweza kufungwa.

Jumapili moja Wendell alikuja kula pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Akamkuta shemeji yake ametandaza karatasi za programu mezani, maana kesho yake diski zilikuwa zinakwenda kuchapwa kiwandani. Akazitupia jicho, akaguna, akainamia sahani.

"Umeona nini?" Orest akauliza.

"Nimeona pierogi."

"Shemeji, kuna kosa?"

"Nina mke na kazi, bwana. Usinitafutie jela. Niongezee krimu."

Orest akazivuta zile karatasi. Kosa likibaki, barua za maelfu ya watu zingesomwa na kila mdukuzi.

"Asiseme," Lorna akaingilia. "We msomee tu. Huyu tangu utotoni akificha jambo hawezi kutafuna."

Orest akasoma mstari baada ya mstari. Wendell angeweza kuondoka, hakuondoka, akatafuna. Mstari wa mia mbili na kumi na moja taya zikasimama, shavu limejaa.

"Hebu rudia," Lorna akasema.

Akarudia. Taya zikagoma tena, masikio yakawa mekundu. Orest akaukagua mstari ule: namba ya siri ilitokana na saa ya kompyuta peke yake, mtu mwenye subira angeibahatisha. Akarekebisha, akasoma upya. Wendell akala mpaka mwisho, akaomba nyingine.

Diski zilipotoka, Wendell alikuja akapewa yake. Akaisoma orodha ya shukrani mara mbili. Wote walikuwemo isipokuwa yeye.

"Ningekuandika wangekufunga," Orest akasema, na ilimuuma kweli.

"Najua." Akaitia diski mfukoni.

"Kuingia nayo kwenu ruksa. Ila ukishavuka daraja usije ukanirudishia. Hapo utakuwa umesafirisha silaha."

Wendell akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaitoa mfukoni, akaiweka juu ya meza.

"Basi ikae hapa kwako, shemeji. Nitakuwa nakuja kuiona."