Aliyenitoa timu ya taifa analeta mtungi nyumbani Jumapili

Admin, ukiiposti hii usiweke picha yangu hata ya mgongo. Kwa urefu nilionao mtu wa Ngara atanijua tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Ntobeye huku Ngara, mpakani na Burundi, sijaolewa na sina mtoto. Nimekula kwa mpira wa kikapu tangu nimalize shule. Nimecheza Mwanza, nikacheza Dar, goti likagoma, sasa ni kocha msaidizi wa timu moja ya wanawake hapo Dar. Kazi yangu kubwa ni kutafuta wasichana wa kusajili, na kisa chote kinazunguka hapo.

Tulianza wawili. Mwenzangu nitamwita Z, ni wa Nyamiaga. Sekondari tulicheza kwenye uwanja wa udongo, ringi moja tu, aliichomelea fundi baiskeli, mvua ikinyesha tunateleza hadi kwenye migomba. Kwetu ni mbali, kwa hiyo nilikuwa nalala kwao. Mama yake alinilisha ndizi na maharage kama mtoto wake. Huyo mama alivuka kutoka Burundi akiwa binti mdogo, wakati wa machafuko ya sabini na mbili, akaolewa Nyamiaga. Bibi yangu mzaa baba naye alitoka huko huko, ila yeye aliolewa Ntobeye zamani sana, baba yangu hajazaliwa. Kwetu hiyo si habari, nyumba nyingi zina mtu wa ng'ambo.

Tukaitwa wote kambi ya timu ya taifa. Mimi nikawa naanza, Z akawa anakaa benchi. Wakati huo huo timu moja ya nje ikawa inanitaka, tumeshaongea, nasubiri tu kusafiri. Siku moja kiongozi wa kambi akaniita pembeni akaniambia, "Binti, tumeambiwa wewe si Mtanzania."

Nikamuuliza, "Nani kasema?"

"Mwenzako wa huko huko kwenu. Anasema nyie ni Warundi, mmekuja juzi tu."

Niliondolewa kambini asubuhi, wenzangu wanapiga pasi, wananiangalia nikibeba begi. Z alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Baba alihangaika na wazee wa kijiji kwenda kunitolea ushahidi. Mwishowe wakasema kweli mimi ni Mtanzania, samahani kwa usumbufu. Kambi ilikuwa imeshavunjwa. Ile timu ya nje ilikuwa imeshamchukua Z.

Sentensi moja ndiyo iliyonifanyia hivyo. Na mimi ningeweza kuisema hiyo hiyo, maana mama yake alikuja nyuma sana ya bibi yangu. Nilinyamaza kwa sababu ya yale maharage. Nimekujutia kule kunyamaza kwangu mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Mwezi huu nilikuja kufanya majaribio ya wasichana pale Biharamulo. Kuna binti mmoja mrefu, mikono inafika kila mahali, akiruka kuchukua rebaundi wengine wanabaki kutazama. Nikamuuliza jina la baba, akanitajia baba wa Z. Ni mdogo wake wa mwisho, nilipokuwa nalala kwao alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nikageuka, nikamuona Z amekaa kwenye nyasi pembeni, amezeeka, ile timu ya nje ilimtema zamani. Akainuka, akaja mpaka mbele yangu.

"Shikamoo kocha," akasema.

Sisi ni rika moja. Nilimuacha asimame kidogo, ndipo nikamjibu, "Marahaba." Nisiwadanganye, ilinoga.

Nikapitia nyumbani Ntobeye, juzi baba akaniita. "Mwanangu, watu wa Nyamiaga wanakuja Jumapili baada ya misa. Wanaleta mtungi."

Kwa msio wa kwetu, hiyo ni pombe ya ndizi ndani ya mtungi mmoja, mnakaa mkiuzunguka, kila mtu na mrija wake. Waliogombana wakishanywa pamoja, kesi imekufa. Ukinywa halafu ukaja kulipiza, huna pa kuweka uso kijijini, hata baba yako hatakaa tena na wazee wenzake.

Nikamwambia, "Baba, sinywi."

"Utanidhalilisha," akasema. "Anayeubeba ni yule mama mwenyewe. Amesema amekulea, hawezi kumtuma mtu."

Leo kocha mkuu kanipigia kutoka Dar. Ameziona video, amempenda yule binti. Akauliza, "Hana tatizo la uraia huyo? Maana nyie wa mpakani mnanipaga shida." Alisema tu kama utani. Hajui amemuuliza nani.

Nikamjibu, "Nipe hadi Jumatatu."

Nikisema ile sentensi, binti atachunguzwa. Baba yake ni Mtanzania, kwa hiyo ataonekana hana kosa, kama mimi. Ila usajili utakuwa umefungwa, na yeye atarudi Nyamiaga na begi lake. Z atakuwepo kituoni kumpokea. Hapo ndipo ninapotaka afike, aione ile sura niliyorudi nayo mimi, aione kwa mtu anayempenda. Najua mtoto hajanikosea. Kila nikimfikiria yeye namuona dada yake ameinama kwenye kamba za viatu.

Nishaurini, lakini wa kuniambia nisamehe bure wapite pembeni, padri keshaniambia. Nataka kumsikia mtu aliyewahi kuporwa maisha na rafiki yake. Jumapili yule mama ataniita mwanangu, atanishikisha mrija kwa mkono wake. Nikinywa, Z amepona. Nisipokunywa, Jumatatu simu iko mkononi mwangu na kocha anasubiri jibu. Nifanye lipi?