Msiba wa Jirani Mwenye Kofia

Mchuuzi wa miwa wa Mtaa wa Dengfeng alikuwa amekwisha kushika kisu chake nilipomwomba auache muwa wangu mzima. Alinitazama kwa mshangao. Huku Guangzhou muwa humenywa papo hapo, ukakatwa vipande na kutiwa katika mfuko. Si kawaida mtu kuondoka na muwa mrefu kumpita yeye mwenyewe, na ganda lake jeusi, kama anayekwenda kuchunga ng'ombe. Nilikuja kwa mkutano wa siku chache tu, na Novemba ilikuwa imeingia. Lakini nilipoushika muwa ule, rafiki yangu, nilijikuta nimesimama tena katika korido ya ghorofa tuliyopanga mimi na Mama, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, ambapo kila mwenye duka Moshi au Lubumbashi aliamini kuwa mali yote ya dunia hutokea katika mji huu.

Mama alikuwa na ofisi ndogo katika jengo la Tianxiu, lililojaa wafanyabiashara wa kwetu, akinunua nguo na simu za kupeleka nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila nikikumbuka chumba chetu husikia kwanza utepe wa kufungia maboksi ukivutwa, kisha hunijia harufu ya viatu vipya, na ndipo hufuata ile ya maharage yakichemka nyuma ya marobota. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukunja suruali za jinzi na kutafsiri. Mama alijua Kichina cha sokoni tu: laoban, yaani bosi; mei you, yaani hakuna; bu yao, yaani sitaki. Kwa maneno hayo aliweza kujaza kontena.

Kulikuwa na jina ambalo halikutajwa katika chumba kile. Baba alifariki mwaka mmoja kabla hatujahamia, akazikwa Moshi, katika kihamba, shamba la migomba la ukoo. Bibi, mama yake Baba, alitaka kaburi litendewe kama yalivyotendewa ya waliotangulia: mche wa sale, mmea wetu wa amani, upandwe, pombe ya mbege imwagwe, marehemu aambiwe kuwa hajasahauliwa. Mama, Mlutheri wa kwaya tangu utoto, alisimama mbele ya wazee akakataa. "Wafu wako kwa Mungu," alisema, "na kwa Mungu hakuna kiu." Bibi alimgeuzia mgongo. Tangu siku hiyo hawakusalimiana hata kwa simu, na Mama, kwa kukwepa ugomvi, akalikwepa na jina la marehemu.

Mlango uliokabili wetu ulikuwa wa mwanamke kutoka Bolivia, wa watu waitwao Waaymara, walioishi katika nyanda za juu za huko kabla Mhispania hajafika. Alivaa sketi za marinda mengi, akasuka nywele mikia miwili, na juu ya kichwa alikalisha kofia nyeusi ya mviringo isiyoshikwa na kitu chochote, lakini isiyoanguka. Alikuja kununua viatu. Mimi naye tulizungumza Kichina, chake kibovu na changu cha shule, na mwanzoni nilidhani hajui alisemalo, kwa maana akitaja jambo la kesho alionyesha kidole gumba nyuma ya bega, na akimtaja mwanawe aliyekufa alinyoosha mkono mbele. Nilipomuuliza, alicheka. Yaliyopita, alisema, tumeyaona, kwa hiyo yako mbele ya macho. Ya kesho nani ameyaona? Yako kisogoni.

Mwanawe alikuwa amepata ajali katika barabara za milimani. Kwao, wafu hawaondoki moja kwa moja. Huenda milimani, na kila Novemba, mvua zinapoanza, hurudi nyumbani kwa siku moja, kutoka adhuhuri hadi adhuhuri, wakala na kuisaidia mbegu kuchipua. Mwaka wa tatu ndio wa kuagana. Mwaka huo wa tatu ulimkuta hapa, mzigo wake wa viatu umecheleweshwa kiwandani.

Basi akaandaa meza yake Guangzhou. Nilimsaidia kukanda unga, tukafinyanga mikate kwa umbo la watoto wachanga, na mkate mmoja kwa umbo la ngazi, wa kushukia na kupandia. Hatukuwa na tanuri. Mwoka mikate wa kona, Mwislamu kutoka kaskazini-magharibi, alikubali kuwaoka wale watoto katika tanuri lake la udongo, lakini sura akazikataa: kuumba sura, alisema, ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke yake. Walirudi wa moto, wananukia, hawana nyuso. Tukawawekea macho ya ufuta na midomo ya tende nyekundu. Juu ya kitambaa cheusi alipanga picha ya kijana wake, glasi ya maji, na vitunguu vyenye mashina marefu, ambamo marehemu angebebea maji ya njiani. Miwa miwili aliisimamisha pembeni, ndiyo mikongojo ya safari.

Palikuwa na sharti moja. Mwenye msiba hatoshi kumwombea wake. Lazima waje watu wengine, jamaa au wapita njia, waombe, na kila aombaye apewe mkate, aule. Marehemu hushiba kwa vinywa vya wageni. Wasipokuja, huondoka na njaa yake, na safari hiyo harudi tena.

Nilimweleza Mama. Aliendelea kubandika utepe kwenye boksi.

"Mezani pa wafu hapaliwi," alisema. "Ukivuka hiyo korido kesho utanitambua."

Jirani yetu wa Lubumbashi, Mkatoliki aliyeuza vitenge, alikuwa ameketi juu ya robota. "Ee, mama, weye unaogopa mukate? Ule hauna meno. Kwetu ile ni Toussaint tu, siku ya watakatifu bote, tunapeleka maua ku makaburi."

"Maua hayaliwi."

"Basi mi nitakula ya kwangu na ya kwako."

Alikwenda kweli, siku iliyofuata, akasali rozari kwa Kifaransa, akala, akarudi kwa wateja wake. Baada yake hakuja mtu. Mlango ulibaki wazi hadi jioni, na asubuhi ya pili ulikuwa wazi vilevile. Mimi nilikaa kwenye kizingiti chetu nikikunja jinzi, nikimtazama yule mama amekaa wima kando ya mikate iliyoanza kukauka, kofia kichwani, akisikiliza lifti.

Karibu na adhuhuri Mama alirudi kuchukua sampuli. Alipita mlango ule, akarudi hatua nyuma.

"Wamekuja wangapi?"

"Mama wa Lubumbashi tu."

"Na chakula chote hiki?"

Nikasema kimebaki. Nilimwona usoni namna alivyoelewa. Hakuwa akiona tena meza ya tambiko. Alikuwa akiona kitu ambacho mtu wa kwetu hakivumilii: msiba umeandaliwa, watu hawakutokea. Mwenyewe alikuwa akisema kila mara, "Harusi hualikwa, msiba hauna kadi." Aliingia ndani, akatoa kanga sandukuni, akaifunga juu ya suti yake ya ofisi.

"Kimbia Tianxiu. Waambie kuna msiba kwa jirani yangu."

"Wakiniuliza nani amekufa?"

"Sema mtoto. Hakuna atakayeuliza zaidi."

Hawakuuliza. Waliacha kupatana bei wakaja, wauza simu wa Mwanza, kina mama wa nguo wa Arusha, mmoja na kilo ya sukari, mwingine na majani ya chai. Wanaume walipanga viti vya plastiki koridoni, wakazungumza kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi. Mama mmoja wa Mbeya alianza kuangua kilio tangu kwenye lifti. Mwenye kofia alisimama kwa hofu, kwani alikwisha kulia miaka mitatu, lakini yule alimkumbatia kana kwamba kijana amekufa asubuhi hiyo, naye akalia upya.

"Marehemu alikuwa wa wapi?" mmoja alinong'ona.

"Bolivia."

"Bolivia ya upande gani?"

"Wewe kula mkate."

Waliimba tenzi. Mama aliomba, kwa uangalifu wake wa Kilutheri: hakusema na marehemu, alimwombea mama aliyebaki. Mikate ikaisha. Ilipobaki ngazi, mwenye kofia aliikata vipande viwili, akampa Mama kimoja, akaniambia neno.

"Anasemaje?"

"Anasema umemwombea wake. Anauliza wako anaitwa nani, naye amwombee. Kwao kitu hurudishwa."

Mama alikigeuza kile kipande cha ngazi mkononi. Kisha akalitaja jina la Baba, lote, pamoja na la ukoo. Mwenye kofia alivua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya hapo, wala baadaye.

Kesho yake Mama alinichukua hadi kibanda cha simu cha Dengfeng. Alisema, "Mama, shikamoo." Akasikiliza. "Lile jambo la kihambani. Lifanyike. Mimi sitamwaga kitu, lakini lifanyike." Jibu la Bibi sikulisikia, nilimwona tu Mama akihamisha simu kutoka sikio moja hadi jingine.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma habari za mila za wafu, yale yale niliyoyakandia unga yakiitwa kwa majina makubwa ya kitaalamu. Sikuona kimeongezeka kitu. Tanuri la kona limekuwa duka la vifuniko vya simu, na wale waliokuja na sukari wametawanyika. Wengi wao huagiza mizigo wakiwa vitandani mwao. Mwenye kofia aliondoka mwezi uleule, na kama alirudi, hakurudi kwetu. Mama yuko Moshi, mzee sasa, na hushikilia kuwa mkate ule hakuula, aliufunga kwenye kanga kwa heshima tu. Mimi nilikuwapo, na yaliyopita yako mbele ya macho.

Nilikwenda na muwa wangu hadi jengo letu la zamani, nikauegemeza ukutani karibu na mlango. Mlinzi alitoka akauliza ni wa nani.

"Wa wageni wa Novemba," nikamjibu. "Wataupitia."