Chakula cha Barthélemy

Rosalie alikuwa Msanga wa Mwadingusha, mwenyeji wa Katanga; mumewe, Barthélemy, Mluba wa Kasai. Kanisani padri aliwafungisha ndoa moja. Mama mkwe, aliyekuja kwa treni na macho yake makali, akamwongezea ya pili: kwetu mke akiguswa na mwanamume mwingine hapiki kabla hajasema. Akinyamaza mumewe akala, kifo kinaingia ndani. Hiyo ndiyo tshibau. Rosalie alicheka moyoni siku hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Miaka ikapita, Katanga ikadai kuwa ya wenyeji wake tu, na watu wa Kasai wakaanza kusakwa mjini Likasi. Barthélemy, fundi wa kiwandani, bingwa wa kusimulia ugomvi alioushinda, sasa aliishi nyuma ya dirisha lililopigwa mbao, katika nyumba yao ya Kikula. Majirani waliambiwa ameshaondoka. Rosalie ndiye aliyetoka: maji, makala, unga, uongo. Kaka yake Georges alimchukua mtoto wao Mélanie, akamsihi dada yake naye apande lori la samaki awafuate. Akakataa. Nani angemlisha huyu?

Na kila aliporudi, huyu anayelishwa alimketisha kizingitini na kuuliza, "Nani alikugusa leo?" Asipojibu, sahani haiguswi. Mungu wangu! Mtu hathubutu hata kupiga chafya, lakini kumhoji mkewe anaweza.

Siku hiyo alikwenda bombani, ng'ambo tu ya barabara. Vijana waliokuwa wameweka kizuizi hapo wakamsimamisha. Mkubwa wao aliitwa Damas.

"Mama, weye muntu wa hapa. Mukasai yako iko wapi?"

"Alishakwenda."

"Basi unalala peke?"

Akamvua kitambaa cha kichwa, akamshika kiuno, mkono ukapanda mpaka kifuani na kukaa huko, wenzake wakicheka. Rosalie hakupiga kelele. Angepiga, mtu mmoja angetoka mbio ndani ya nyumba ile na asingerudi tena. Alimchukia Damas, akamchukia na Barthélemy, na hilo la pili lilimtisha zaidi.

Alisonga bukari, ugali wa huko. Akisema, mumewe atatoka na shoka auawe barabarani. Akinyamaza, yeye mwenyewe atamuua mumewe kwa tonge. Alijiambia kuwa yeye ni Msanga, mambo ya Kasai hayamhusu. Lakini alikuwa amelala na imani ile kitanda kimoja miaka mingi, na ilikwisha kumwingia.

Akaweka sahani ya bukari na sombe, majani ya muhogo. Barthélemy hakumtazama, wala hakumketisha kizingitini.

"Mama Mélanie," alisema polepole, "akuna muntu alikugusa, hein?"

Rosalie akageukia dirisha. Kati ya mbao mbili palikuwa na ufa, na kiti cha mumewe kilikuwa kimesogezwa hapo. Kupitia ufa huo bomba lilionekana lote, na Damas ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa chake Rosalie kikiwa shingoni mwake.

Kumbe aliona. Aliona yote, akabaki ameketi. Sasa alimwomba uongo ili asilazimike kutoka, na dhambi yenyewe aibebe mke, pamoja na maji na makala.

Alitaka kusema kwa sauti mpaka wa bombani wasikie. Kisha akaviona vidole vya mumewe vimeng'ang'ania ukingo wa sahani, havithubutu kumega.

"Akuna muntu, Baba Mélanie. Kula."

Barthélemy akanawa, akala, akamaliza. Nje lori la samaki lilipita likipiga honi, na Rosalie hakuinuka. Aondoke vipi sasa? Mume akifa, wakwe watasema ni chakula chake.

Barthélemy akakohoa; sombe ilimkwama kidogo tu. Rosalie alikuwa amekwisha kuruka na kikombe cha maji, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kuketi vizuri mumewe akila.