Nilimwambia Mdogo Wangu Apande Ulingoni na Kichwa Kinamuuma

Nilichomoa waya wa projekta ukutani kwa mikono miwili, nikamrushia mwanaume mzima sahani ya sambusa kifuani, nikapiga kelele mpaka Waswidi waliokuwa wanafua nguo chumba cha pili wakaja kuchungulia. Na niwaambie ukweli, wasomaji wenzangu: yule mwanaume hakuwa na kosa kubwa. Mwenye kosa nilikuwa mimi! Majina yote humu nimeyabadilisha, langu nimeliacha kabisa. Kosa sijalibadilisha hata chembe.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, jua la Stockholm bado kali kama saa tisa mchana. Tulikuwa kwenye ukumbi wa wapangaji chini ya jengo letu hapa Hagsätra, watu zaidi ya ishirini, viatu vimelundikana mlangoni. Pale ukutani, amejaa ukuta mzima, mdogo wangu Idi alikuwa amelala chali ulingoni huko nyumbani Tanzania. Raundi ya tano. Mkono mmoja umekunjika chini ya mgongo. Hatikisiki. Refa kapiga magoti.

Picha ikaganda. Ikarudi. Ikaganda tena.

Basi Kevo, kijana wa Kikenya anayepakia mizigo kule Märsta, akapaza sauti: "Ai, hii linki nayo! Mama Nuru, hebu rudisha nyuma kidogo tuone venye amelimwa! Hiyo ngumi sijaiona poa!"

Watu wawili watatu wakacheka. Mwingine akadakia, "Kweli, rudisha. Ilikuwa ya kushoto au ya kulia?"

Rudisha! Ndugu yangu hajainuka, watu wanataka marudio!

Na binti yangu Nuru, ana miaka sita, akanivuta gauni akaniuliza kwa Kiswidi chake cha shule: "Mamma, sover morbror?" Mama, mjomba amelala?

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwita Kevo mbwa. Nilimwita fisi. Nilisema maneno ambayo mtoto wangu hakupaswa kuyasikia, na safari hii aliyaelewa yote ingawa yalikuwa ya Kiswahili.

Aliyenishika ni Mzee Ssalongo, Mganda mmoja aliyefika nchi hii akikimbia vita kabla mimi sijazaliwa. Ujanani alipiga ngumi. Alinitoa waya mkononi taratibu akasema, "Mwana wangu, wacha huyu. Piga simu nyumbani. Kugombana ni baadaye."

Nikapiga. Haikupokelewa.

Sasa mnisikilize nilivyofika pale.

Mimi ni mpenzi wa ngumi kuliko wanaume wengi ninaowajua. Tuna kundi letu la simu, Waswahili wa huku: Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongo. Kila pambano kubwa likikaribia maswali ni yale yale. Linaonyeshwa wapi? Saa ngapi za huku? Kuna linki nzuri? Ni mimi niliyekuwa najibu. Pambano likiwa Japani najua kwamba huku tutaliona wakati wa chakula cha mchana. Likiwa Uingereza najua chaneli, na nani ameilipia, na tutakaa kwa nani. Waliniita Mama Ngumi. Wanaume wazima wanatoka Vällingby, wanavuka mji mzima, kuja kuniuliza mimi nani atashinda! Mwanamke niliyeishia kidato cha nne, ambaye kazini huitwa tu "wewe wa zamu ya asubuhi". Ilinipanda kichwani, sifichi.

Na watu wakiangushwa ulingoni, nani alikuwa wa kwanza kurudisha picha nyuma? Mimi. Tunarudia mara tano, mara sita, tunashangilia. Kevo alijifunza kwangu.

Idi ni kinyozi Morogoro, na ni bondia. Mapambano tisa, hajapoteza hata moja. Alipopata pambano la utangulizi kwenye usiku mkubwa wa ngumi, linaloonyeshwa mtandaoni dunia nzima, nilikuwa kama nimepewa mimi. Bango lake nililibandika kwenye kundi kila asubuhi. Nilikodi ukumbi wa wapangaji. Niliandika: "Saa kumi na moja na nusu mlango wazi, Idi anapanda saa kumi na mbili kasoro, njooni na watoto!" Nilikata vitunguu vya pilau huku najiambia, leo wataona damu yetu.

Siku kumi na mbili kabla ya pambano, Idi alinitumia ujumbe wa sauti.

Mimi nawahudumia wazee majumbani. Nilikuwa kwenye ngazi za jengo la bibi mmoja, navaa zile soksi za plastiki za bluu juu ya viatu, nikaweka simu sikioni. Idi akasema: "Dada, shikamoo. Dada, jana nimedondoka mazoezini. Si kuteleza, nimepigwa nikazima. Kocha kanimwagia maji, nikaendelea. Sasa kichwa kinanigonga upande mmoja, na mwanga unaniumiza. Promota anasema nikijitoa nisahau kupigana tena. Wewe unaonaje? Ukisema nijitoe, najitoa."

Ukisema nijitoe, najitoa. Jamani!

Nilimjibu palepale, nikiwa na haraka, bibi wa watu ananisubiri. Yale maneno nayajua kwa moyo: "Idi, usinitie aibu. Watu wote wa huku nimeshawaambia. Ukumbi nimeshachukua. Bondia gani haumwi kichwa? Meza vidonge, lala, kunywa maji. Na usimwambie mama, atakutia woga."

Sekunde ishirini na tatu. Nikagonga mlango wa bibi.

Ngojeni, bado. Wiki ileile, bibi yuleyule aliteleza bafuni akagonga kichwa kwenye sinki. Alikuwa anacheka! Alisema yuko salama, nimtengenezee kahawa. Nikakataa. Nilimwita nesi papo hapo, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: mtu akigonga kichwa humuulizi kama anajisikia vizuri, unaita nesi. Nikaandika ripoti. Bosi akanisifu. Mgeni nilimlinda kichwa, wa tumbo moja nikamwambia ameze vidonge!

Walimpasua Idi usiku uleule wa pambano. Damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu. Daktari alimwambia mama kwamba sehemu ya ile damu si ya siku ile, ni ya zamani kidogo.

Jumapili asubuhi nikiwa kwenye treni ya kijani naenda kazini, Idi bado hajafumbua macho, mnajua nilifanya nini? Sikuomba dua. Nilifungua simu nikautafuta ujumbe wangu nikabonyeza kufuta. Nilitaka ufutike kwake pia. Siku zilikuwa zimepita nyingi, simu ikanipa nafasi ya kufuta kwangu tu. Nikafuta hivyo hivyo. Nikajisikia nafuu mpaka kituo cha tatu.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Hata mume wangu atalisoma humu.

Simu ya Idi alikuwa nayo mama, pale wodini. Alikuwa anatafuta namba ya kocha, akabonyeza asipopajua, ikatoka sauti yangu. Alinipigia kabla sijamaliza zamu.

"Nimekusikia," alisema.

"Mama, naomba nieleze..."

"Mtoto amekuomba ruhusa ya kukaa nyumbani. Kakuomba wewe kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Nimekusikia, mwanangu. Usinipigie mpaka nikupigie."

Zilipita wiki saba kabla hajanipigia. Wiki saba nasikia hali ya mdogo wangu kwa jirani.

Idi alifumbua macho siku ya nne. Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini anaongea polepole, neno analitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo, na mkono wake wa kulia unatetemeka. Kinyozi gani anashika wembe na mkono unaotetemeka? Nani atampa shingo yake? Ana miaka ishirini na nne.

Kisha promota akatoa taarifa mtandaoni. Anampa pole "kijana wetu", na anasikitika kwamba bondia "alificha hali yake ya afya", kwa maana siku ya kupimwa, kwenye fomu ya afya, alijaza kuwa hana maumivu yoyote.

Hasira iliyonipanda! Niliipata namba yake nikampigia.

"Kocha alimwona ameanguka mazoezini," nikamwambia. "Na wewe mwenyewe mtoto alikwambia!"

"Dada, fomu kasaini yeye. Mimi nilimshika mkono?"

"Ulimwambia akijitoa asahau kupigana tena!"

Akacheka kidogo. "Wewe si ndiye uliyekuwa unatuandikia kila siku kwenye ukurasa wetu, 'kaka, bango jipya lini, kaka, mweke Idi mbele'? Leo umekuwa daktari? Tulia huko Ulaya, dada yangu. Ngumi zina ajali." Akakata.

Nilimpelekea Mzee Ssalongo lile jambo. Tulikaa kwenye benchi nje ya duka la Hagsätra, nikamwekea sauti ya Idi. Alisikiliza mara mbili, kofia mapajani.

"Hii ni ushahidi," akasema. "Andika malalamiko. Peleka kwa wasimamizi wa ngumi kule kwenu, na ubaki na nakala. Huyu kocha na huyu promota, wanajua." Halafu akanitazama. "Na jibu liko wapi?"

"Jibu gani, mzee?"

"Mtoto ameuliza swali. Ulimjibu nini?"

Nikamwambia sikumjibu. Nilimdanganya mzee wa watu huku namtazama usoni! Hakubisha. Alivaa kofia yake tu, akasema, "Basi wasimamizi watauliza yule promota. Na yeye atasema simu ya Idi ipekuliwe. Ni vizuri wakute umewapa wewe."

Nilikaa na yale maneno siku tatu. Nikipeleka sauti ya Idi peke yake, mimi ni dada mwenye uchungu, nadai haki. Nikipeleka na yangu, mimi ni mmoja wao. Na bila yangu malalamiko hayasimami, maana itakuwa nimefanya kilekile alichofanya promota: kuonyesha nusu ya karatasi.

Shida ni kwamba yangu nilikuwa nimeifuta. Ilibidi nimwombe Idi.

Tulipigiana simu ya video, Nuru amekaa mapajani kwangu. Nikamwambia, "Idi, ule ujumbe niliokujibu. Unao?"

Aligeuza uso kutoka kwenye kamera.

"Ni... ninao."

"Nitumie. Naupeleka kwa wasimamizi."

"Dada... wata... watakusema."

"Waniseme."

"Sikukasirika," akasema, na lile neno lilimchukua muda. "Mimi ndiye... niliyepanda."

Nililia, jamani. Nuru akaanza kumwonyesha mjomba wake jino lililong'oka, na Idi akacheka upande mmoja wa mdomo. Jioni ile ujumbe ukaingia. Niliusikiliza mara moja, nimejifungia bafuni. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayejibu kuhusu bei ya nyanya.

Kevo nimemwomba radhi. Kundi la ngumi nimejitoa. Siku niliyojitoa mtu mmoja aliniandikia pembeni, "Sasa nani atatupa linki ya Jumamosi?"

Nyinyi mnaopenda ngumi, sisemi muache kutazama. Mimi mwenyewe sijui kama nitaacha. Lakini kama bondia unamjua, kama ana namba yako, na akakwambia kichwa kinamuuma, mwambie ashuke! Futa ukumbi, mwaga pilau, waache wakucheke kundi zima. Na msiwasukume watoto wa watu mkiwa mbali, mmekaa kwenye viti na sahani mapajani, nyinyi ngumi haiwafikii. Nilijiona namjengea jina mdogo wangu. Lililokuwa linajengwa ni jina langu.

Malalamiko niliyaandika siku mbili, kwa mkono kwanza, kisha kwa kompyuta ya maktaba. Ya siku ya kupimwa alinieleza Idi: daktari wa pambano alisoma fomu tu, hakumgusa. Yamepokelewa, nimepewa namba ya jalada. Nanakili sehemu ya mwisho kama nilivyoituma:

"Kwa hiyo namlalamikia kocha, kwa kumrudisha mazoezini bondia aliyepigwa akazirai, na kwa kukaa kimya siku ya kupimwa. Namlalamikia promota, kwa kumtishia bondia aliyetaka kujitoa, na kwa kutangaza kwamba alificha, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa. Namlalamikia daktari wa pambano, kwa kupitisha fomu bila kumgusa mgonjwa. Naomba uchunguzi, naomba taarifa ile ifutwe hadharani, na naomba mdogo wangu ahudumiwe hadi apone.

Naambatanisha sauti mbili. Ya kwanza ni ya bondia, anaomba kutopigana. Ya pili ni ya dada yake mkubwa, anamkatalia. Dada huyo ndiye mimi mlalamikaji. Naomba jina langu liandikwe kwenye jalada pamoja na hao watatu, na nikiitwa kujibu, nitakuja."