Kamba Iliyoshindwa Kufunga Mkono

Harufu ya mkonge uliolowekwa hainiachi. Ni harufu ya majani mabichi yaliyoanza kuoza, kali, inayoingia puani na kukataa kutoka. Juzi nilipita nyuma ya duka moja hapa mjini Salama nikakuta mtu ameanika nyuzi za mkonge kwenye seng'enge, nikasimama kama niliyeitwa. Paja langu la kushoto likaanza kuwasha. Haki ya Mungu, nilikuwa nimevaa sketi nzito na sijasokota uzi miaka na miaka, lakini paja liliwasha.

Paja la kushoto, nasema, na hapo ndipo matata yangu yote yalipoanzia.

Nilizaliwa na shoto, kijijini Kalamba, na katika miaka ile ya mwanzo wa sabini mkono wangu ulikuwa jambo la kila mtu isipokuwa mimi. Nikimpa mgeni kikombe cha chai, alinitazama tu, akingoja nihamishe mkono ndipo apokee, na huku chai inaniunguza vidole. Nikinyoosha mkono kumsalimia mchungaji, baba alikohoa. Nikifagia, shangazi fulani wa mbali alisema nafagia baraka nje. Kwa Kikamba mkono wa kushoto huitwa mkono wa wanawake. Sasa mimi ni mwanamke, nautumia mkono wa wanawake, na ninachapwa! Hebu niambieni, mambo haya yalipangwa na nani?

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole asiyependa makelele, lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokiogopa kuliko nyoka: watu watasema nini. Mama hakuwa na hofu hiyo. Yeye alikuwa na vyondo vyake, vile vikapu vya kusukwa kwa mkonge. Kutoka kwetu hadi sokoni hakukuwa na mwanamke aliyesokota kama yeye. Kamba ya mama ilifunga fahali wa kulima na haikukatika. Wenye mbuzi watundu walikuja kumwomba. Hakuwa na shule, hakuwa na sauti kanisani, na nyumbani baba ndiye aliyeamua. Lakini mtu akitaja kamba, kila mmoja alimgeukia mama, naye aliinamisha kichwa kuficha tabasamu.

Alhamisi wanawake wa kikundi chake walikuja kuketi uani kwetu, miguu wameinyoosha, kila mmoja na fungu lake la mkonge. Waliokuwa na ndoa nyumbani walisukiwa kiondo kikubwa na kikundi kizima, na kila mwanamke alileta nyuzi zake. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikataka na zangu ziwemo. Nikaketi pembeni, nikasokota hadi paja likatoka vipele, nikapeleka fungu langu nikijiona mtu mzima.

Mama Kioko ndiye aliyelishika. Huyu alikuwa jirani yetu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Akachukua uzi wangu mmoja na uzi wa mtu mwingine, akaziviringisha pamoja ziwe kamba, kisha akaachilia. Zikaachana.

"Ala! Hizi ni nyuzi za nani?"

Kila mtu akanitazama mimi. Kumbe ukisokota kwa kiganja cha kushoto juu ya paja la kushoto, uzi hujipinda upande wake, kinyume cha nyuzi za wengine. Ukiuunganisha na uzi wa mkono wa kulia, mmoja hukaza na mwenzake hulegea, na kamba hiyo haitadumu hata asubuhi moja. Mama Kioko alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto huyu hata uzi wake ni mbishi!" Akazitupa nyuzi zangu kwa kuku. Nililia, siwafichi. Mama aliinuka, akaziokota moja moja, akazifunga kwenye pindo la leso yake, akarudi kuketi.

Mwaka uliofuata nikaingia darasa la kwanza, mikononi mwa Mwalimu Nzioka.

Sitaki kumsema vibaya marehemu, lakini Mwalimu Nzioka aliniudhi. Siku ya kwanza aliniona nimeshika penseli, akaweka chaki chini taratibu kama mtu aliyeona nge. "Samaki mkunje angali mbichi," akaliambia darasa, sisi watoto wa Kalamba ambao samaki tulimwona kwenye picha ya kitabu tu. Akanichapa vidole kwa rula. Nikahamisha penseli kulia. Nikaandika kitu ambacho hata kuku angekionea haya. Akanichapa kwa sababu ya mwandiko. Nikarudisha kushoto, akanichapa kwa sababu ya kushoto. Hivyo kwa wiki mbili. Kisha akamwita baba, akamwambia: mtoto huyu alete kamba kutoka nyumbani, mkono utafungwa nyuma hadi usahau. Na kama hautasahau, msipoteze wakati, akakae nyumbani achunge mbuzi.

Baba alikuja nyumbani amenuna kwa aibu. "Mama Ndunge," akamwambia mama kwa jina langu, "sokota kamba ya kumfunga mtoto mkono. Usibishe. Mwalimu amesema."

Nilimtazama mama. Nilingoja aseme hapana, aseme hata "lakini" moja. Akasema, "Haya, Baba Ndunge." Jioni hiyo akaketi mlangoni na kusokota kamba ya kunifunga, mama yangu mwenyewe, na hakuniita wala kuniangalia usoni. Sikula ugali wake siku hiyo, na kwangu mimi hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Asubuhi Mwalimu Nzioka akanifunga mkono nyuma, akakaza fundo kwenye mkanda wa sketi, akaendelea na hesabu. Mimi nikabaki nachora mistari iliyopinda kwa mkono wa kulia huku machozi yanadondoka kwenye daftari. Mkono ulivutavuta wenyewe, kama mkono unavyofanya. Kabla ya kengele ya uji nikahisi kitu kimelegea. Nikavuta kidogo. Mkono ukatoka.

Mwalimu akaja mbio na kiboko. "Umefungua!"

"Sijafungua, Mwalimu."

Akanigeuza. Fundo lilikuwa pale pale, limekaza kama alivyoliacha. Kamba ndiyo iliyofumuka, nyuzi zimetawanyika kila moja kivyake. Akasimama na kiboko hewani, hajui amchape nani. Darasa likaangua kicheko, na mimi nikaandika haraka haraka hesabu tatu kabla hajapata la kufanya.

Akatuma neno nyumbani: kamba nene zaidi. Mama akasokota nene zaidi. Ikafumuka. Akasokota ya tatu, ndefu, nzuri kwa macho, hata baba akaitazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ikafika saa nne, ikafumuka. Habari ikaenea, maana Kalamba habari haihitaji miguu. Wanawake wa Alhamisi wakaacha vyondo kuizungumzia. "Mama Ndunge, kamba yako haifungi hata mkono wa mtoto?" Mama Kioko akatunga igizo zima: yeye ni kamba, anajifunga, anajifungua, anaanguka chali kwenye vumbi. Mwenye fahali akaenda kuomba kamba kwa mtu mwingine. Kulipokuwa na ndoa kwa kina Mumbua, wa pale kijijini, kiondo kikasukwa bila nyuzi za mama kuitishwa. Mama alicheka pamoja nao, kichwa amekiinamisha, lakini safari hii hakukuwa na tabasamu la kuficha.

Na mimi? Mimi nilifurahi! Nilisema moyoni, haya, Mungu amemlipa. Alikubali kunifunga, basi acheni achekwe.

Muhula wa pili Mwalimu Nzioka alichoka. Alinitupia penseli mezani na kusema, "Andika na unachotaka, hata na mguu." Nikaandika. Nilikuwa wa tatu darasani mwaka ule, na wa kwanza uliofuata, na hakuna aliyetaja mbuzi tena.

Sasa rukeni nami miaka ishirini hivi. Mimi ni fundi cherehani hapa Salama, nagombana na mikasi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine, na nina binti, Mutheu, wa miaka sita. Mna habari ana mkono gani. Ulikuwa wakati wa kumtafutia shule, na kila mtu akawa mshauri wangu. Mume wangu alitaka akademi ya kando ya barabara kuu, kwa sababu ya tai na Kiingereza. Bibi mwenye akademi alinikaribisha kwa soda, akamtazama Mutheu akishika kalamu ya rangi, akatabasamu: "Usijali, mama, huo mkono tutaurekebisha." Miaka ishirini! Watu wameshabadilisha nyimbo, nguo na bei ya sukari, lakini huo mkono bado wanataka kuurekebisha!

Nikapanda na Mutheu kwenda Kalamba, nimechemka. Baba alikuwa ametutoka mwaka mmoja nyuma; mama alikuwa peke yake, ameketi mlangoni, mkonge mapajani. Akanisikiliza, kisha akasema polepole, "Si umlete hapa asome?"

Hapo nikalipuka. "Mwaitu, nimlete umfunge kamba? Kama ulivyonifunga mimi?"

Mwaitu ndiye mama kwa Kikamba, na huwa hatusemi na mama zetu hivyo. Maneno yalishatoka. Mama hakukasirika. Akamwita Mutheu, akampa mkonge, akamwambia asokote. Mtoto akasokota kwenye paja la kushoto, ulimi nje. Mama akasokota uzi wake kwenye paja la kulia. Akaziunganisha hizo mbili, akazikaza vizuri mpaka zikapendeza, akanipa.

"Vuta."

Nikavuta kidogo tu. Ikafumuka mikononi mwangu, na mimi nikabaki nimeshika nyuzi mbili, nasikia Mama Kioko akicheka uani miaka ishirini iliyopita, naona kuku, naona leso ya mama na pindo lake.

"Zile nyuzi zangu," nikasema. "Uliziweka."

"Ningezitupa? Zilifaa."

Nililia kama siku ile ya kuku. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikamfokea. Mbona hakuniambia? Mbona aliacha nimchukie?

"Wewe ungeweza kunyamaza?" akaniuliza. "Ungemwambia Mwalimu kabla ya uji. Na baba yako aliniomba jambo moja, nikalifanya. Alitaka kamba, nikampa kamba."

"Lakini walikucheka, Mwaitu."

"Walicheka," akasema, na kurudia mkonge wake. "Lakini wewe uliandika."

Mutheu hakwenda akademi. Nilizunguka shule zote za karibu na swali moja tu: mkono huu mtaufanya nini? Katika shule ya msingi ya kawaida, yenye madirisha yasiyo na vioo, mwalimu mmoja wa kike alifikiri kidogo akasema, "Nitamweka mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane kiwiko na mwenzake." Nikamsajili siku hiyo hiyo, na mume wangu alinuna mpaka Krismasi.

Jambo lililobaki ni hili. Mama alinikataza kusema. Hakutaka itajwe kwamba alimzunguka mumewe, mzee wa kanisa, hata akiwa kaburini. Kwa hiyo kila nilipokwenda Kalamba, Mama Kioko alinishika mkono na kuanza: unakumbuka kamba ya mama yako? Naye mama, mikono yake iliyosokota kamba bora kuliko zote ikiwa imetulia mapajani, alicheka pamoja naye, na mimi niliuma meno. Utotoni nilidhani anacheka kwa kukosa la kusema. Leo mama na Mama Kioko wote wawili wamelala, hakuna wa kunikataza, nimewaambia ninyi. Lakini Mama Kioko alizikwa akiamini mama alishindwa na kamba ya kufunga mkono wa mtoto, na jamani, hilo linanichoma mpaka leo.